Moto Hagio na kadi za wasomaji

Historia ya jumla ya manga (katuni za Kijapani) za wasichana mnaijua, siirudii. Nashikilia jambo moja ambalo sitachoka kulisema: hadithi ndefu haipimwi kwa wiki tatu.

Tuchukue mwaka 1974. Moto Hagio, mchoraji wa manga mzaliwa wa Omuta, Japani, anaanza kutoa Moyo wa Thomas katika jarida la wasichana la kila wiki la kampuni ya uchapishaji ya Shogakukan. Majarida hayo hutiwa kadi za kura. Msomaji huandika majina ya hadithi zilizompendeza, akaipeleka kadi posta, wahariri wakahesabu. Hadithi ya Hagio ikashika mkia. Na ukishika mkia unaambiwa ufunge, hata kama wahusika wako ndiyo kwanza wameingia. Sasa tazameni ni hadithi gani hiyo. Inaanza na kifo cha mvulana kwenye theluji, kisha inaingia katika shule ya bweni huko Ujerumani, na sababu ya kifo inafunguka kidogo kidogo. Ikatize sura ya tano, umemwachia msomaji maiti bila jibu! Wahariri wakataka iishe mapema. Hagio akaomba muda.

Kilichomwokoa si kadi, ni kitabu. Juni mwaka ule ule kilitoka kitabu cha kwanza cha Ukoo wa Poe, hadithi yake ya wanyonya damu wasiozeeka, kikikusanya sura zilizokwisha kutoka jaridani. Nakala 30,000 zikaisha kwa siku tatu. Hapo mazungumzo yakabadilika, na Thomas ikaendelea hadi Desemba.

Najua mtu ataniambia jarida ni biashara, wasomaji ndio wenye pesa. Kwani zile nakala 30,000 zilinunuliwa na nani, kama si wasomaji? Kadi inamuuliza msichana baada ya kurasa chache, hadithi haijakolea. Kitabu kinanunuliwa na anayetaka kuirudia. Hata pesa hutofautiana: jarida humlipa mchoraji kwa ukurasa, kitabu humpa asilimia ya bei. Tukiwahukumu wachoraji kwa kadi peke yake, tunawaua wale wanaojenga polepole.

Na haikuwa mara ya kwanza kwake kukataliwa. Alianza mwaka 1969 katika Nakayoshi, jarida la wasichana la kampuni ya Kodansha, na huko hadithi zake nyingi zilikataliwa. Mhariri Junya Yamamoto wa Shogakukan ndiye aliyezipokea.

Muda unanikimbia, na uchoraji sijaugusa. Ukurasa huchorwa mkubwa, kwenye karatasi ya B4, iliyo kubwa kuliko A4, kisha hupunguzwa uingie jarida la B5, lililo dogo kuliko A4. Hapo ndipo nibu nyembamba, inayopendwa kwa nywele na kope, inapoleta balaa: mistari iliyobanana huungana ikawa doa jeusi, na mwembamba mno hukatika kwenye karatasi duni ya jarida. Dawa yake ni kuzichora nywele kwa mafungu na kuacha weupe katikati. Mawazo ya mhusika nayo huandikwa nje ya viputo vya maneno, yakielea juu ya fremu (visanduku vya picha) zisizo na mipaka. Usipoelekeza jicho kutoka kulia kwenda kushoto, maana ndivyo manga husomwa, kwa mtazamo wa uso au mwelekeo wa nywele, msomaji hupotea.

Tuzo sizihesabu zote. Ya manga ya Shogakukan aliipata mwaka 1976, na Nishani ya Utepe wa Zambarau, ya serikali ya Japani, mwaka 2012. Mwaka 2016 aliurudia Ukoo wa Poe baada ya miaka 40, na toleo la jarida lililobeba hadithi hiyo likaisha madukani, ikabidi lichapwe tena.