Barbara Jordan na Ramani ya Kura

Ndugu zangu wa Houston, narudia yale yale, mtaniwia radhi. Kila nikimtaja Barbara Jordan, mwanasiasa mweusi wa hapa Houston, mtu ananirukia na hotuba ya Julai 1974, kamati ya bunge la Washington ilipojadili kumshtaki Rais Nixon bungeni. Hotuba nzito, sibishi. Lakini ufasaha ule alikuwa nao tangu midahalo ya chuo kikuu cha Texas Southern, na bado mwaka 1962 aligombea Bunge la Wawakilishi la Texas akaanguka. Mwaka 1964 akaanguka tena. Mwaka 1966 akagombea Seneti ya Texas, akashinda. Kilibadilika nini?

Mtazameni kwanza kazini. Alihitimu sheria Boston University mwaka 1959, akarudi kwao Fifth Ward, mtaa wa hapa Houston, akaanza uwakili kwenye meza ya kulia chakula ya wazazi wake. Mteja alikuja na kesi yake, akaketi pale familia inapolia chakula. Waliomjua walikuwa watu wa mtaa ule. Lakini kiti cha Bunge la Wawakilishi alichokigombea kilipigiwa kura na Harris County nzima, kaunti yetu hii ya Houston, watu zaidi ya milioni moja! Fifth Ward wangempa kura zote, zingemezwa tu. Seneti ndiyo ilikuwa mbaya zaidi: katiba ya Texas haikuruhusu kaunti moja kuwa na zaidi ya seneta mmoja. Kaunti hii yote, seneta mmoja kati ya 31.

Mwaka 1964 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamua kwamba viti vya mabunge ya majimbo vifuate idadi ya watu. Texas ikalazimika kuchora mipaka upya, na Fifth Ward ikaangukia eneo lenye weusi wengi, Walatino na watu wa vyama vya wafanyakazi. Mwanamke ni yule yule, mtaa ni ule ule, akashinda. Akawa mweusi wa kwanza katika Seneti ya Texas tangu 1883, na mwanamke pekee katika kikao kile.

Najua mtasema alijituma. Alijituma, ndiyo! Hata mwaka 1962 alijituma. Hunikera sana mzazi anapomwambia mtoto asome kwa bidii kama Barbara, halafu habari ya mipaka anaifumbia macho.

Kuna na wale wanaosema Austin, makao ya bunge la Texas, ni padogo, mambo yote yako Washington. Haya, eneo lililompeleka Washington katika uchaguzi wa 1972 lilichorwa na nani? Na Bunge la Austin, yeye mwenyewe akiwa makamu mwenyekiti wa kamati ya Seneti iliyoshughulikia mipaka. Ni eneo la 18 la uchaguzi wa Congress, yaani bunge la Washington, lipo mpaka leo.

Nilitaka kueleza sheria ya kwanza ya Texas ya kima cha chini cha mshahara, aliyoipigania, na siku ya Juni 1972 alipokaimu ugavana. Muda umenibana, tuyaache.

Mwaka 2025 bunge hilo hilo limechora upya maeneo ya Congress bila kungoja sensa. Kamati zake husikiliza maoni ya raia. Ninyi mliokula kiapo cha uraia mkajiandikisha kupiga kura, safari ijayo nataka kusikia wazungumzaji wa Kiswahili mbele ya kamati ile. Na sasa hivi, kabla hamjainuka, toeni simu mtafute seneta wenu wa Austin ni nani. Si wa Washington. Wa Austin.