Hakuna Umri wa Mtu Kukamilika

Nimelisema hili kila nilipopewa nafasi, na leo nalisema tena: hakuna umri ambao mtu huwa amekwisha kukua. Habari za vijana kujitafuta mnazijua, sizirudii. Nataka tuutazame utafiti wa wanasaikolojia Jordi Quoidbach, Daniel Gilbert na Timothy Wilson, uliotoka mwaka 2013 katika jarida la Science. Walihusisha watu zaidi ya 19,000, wa miaka 18 hadi 68. Wengine waliulizwa wamebadilika kiasi gani katika miaka 10 iliyopita, wengine watabadilika kiasi gani katika miaka 10 ijayo: tabia, maadili, mapendeleo. Mtu wa miaka 28 akitazama nyuma anaona mabadiliko makubwa; wa miaka 18 akitazama mbele hayaoni. Wa 58 na wa 48, vilevile. Kila rika linajiona limefika, na waliolitangulia kwa miaka 10 tu wanashuhudia kwamba halijafika! Kijana anadhani hivyo, na mtu mzima mwenye wajukuu naye anadhani hivyo. Kisha tunashangaa watu wakijutia maamuzi waliyodhani ni ya milele.

Najua kuna anayejiandaa kuniuliza: kama nabadilika hivyo, ahadi ya jana ataitimiza nani? Swali zuri, ila si jipya. Mwanafalsafa Mwingereza John Locke alishikilia kwamba mtu ni yuleyule kadiri fahamu yake inavyoyafikia matendo yake ya nyuma. Mwaka 1785 mwanafalsafa wa Uskoti, Thomas Reid, akampinga kwa mfano wa jenerali. Jenerali huyo utotoni alichapwa kwa kuiba matunda. Akiwa ofisa kijana aliteka bendera ya adui. Ofisa anavikumbuka viboko. Jenerali anaikumbuka bendera, viboko kavisahau kabisa. Kwa hesabu ya Locke, jenerali ndiye yule ofisa, ofisa ndiye yule mtoto, lakini jenerali siye yule mtoto. Haiwezekani! Kwa hiyo usitegemee kumbukumbu peke yake. Maisha yameungana, kila hatua imetoka katika iliyotangulia, na ahadi utaitimiza wewe. Kubadilika hakumfutii mtu wajibu.

Muda umenibana. Mwanasaikolojia Erik Erikson aligawa maisha katika hatua 8, na 3 za mwisho zote ni za utu uzima. Sisi tunafundisha ile ya 5, ya ujana, tunafunga daftari. Ndiyo maana wazee wanaulizwa walikuwa nani tu. Waulizeni pia wanajifunza nini sasa, na msikilize jibu.