Mlango wa Margaret

NEEMA: Karibu msikilizaji. Mimi ni Neema, na mwenzangu kama kawaida ni kaka Deo. Leo tuko Uingereza ya miaka ya 1500, na nataka tuanze na siku moja tu. Tarehe 30 Julai 1540, London. Watu sita wanatolewa gerezani kupelekwa Smithfield. Wamefungwa juu ya fito, farasi wanawakokota barabarani wawili wawili. Kila jozi, Mkatoliki mmoja na Mprotestanti mmoja.

DEO: Pamoja?

NEEMA: Ubavu kwa ubavu. Walipofika, Waprotestanti watatu wakachomwa moto kwa uzushi. Wakatoliki watatu wakanyongwa kwa uhaini, maana walikataa kukiri kwamba mfalme ndiye mkuu wa Kanisa. Mfalme ni huyo huyo mmoja, Henry VIII.

DEO: Hapo wengi huchanganyikiwa, wakidhani Henry aligeuka Mprotestanti. Alivunja na Papa mwaka 1534, lakini misa ya Kilatini hakuiacha. Alichotaka ni kwamba ndani ya nchi yake asiwepo wa kumwambia hapana, hata kwenye mambo ya ndoa yake.

NEEMA: Akaja mwanawe Edward mwaka 1547, misa ikaondolewa. Akaja dada yake, Malkia Mary, mwaka 1553, misa ikarudi, na watu wapatao 280 wakachomwa moto ndani ya miaka isiyofika minne. Kisha mdogo wake Mary, Malkia Elizabeth, misa ikapigwa marufuku tena. Fikiria mtu aliyezaliwa 1530. Kabla hajatimiza miaka 30, serikali imeshambadilishia dini mara nne.

DEO: Dada, mimi hili linanigusa. Baba yangu Mkatoliki, mama yangu Mwanglikana. Kwa baba nilisimuliwa waliouawa na Elizabeth. Kwa mama nilisimuliwa waliochomwa na Mary. Hakuna aliyewahi kuniwekea hao wafu meza moja.

NEEMA: Basi ngoja nikupe nyumba inayofanana na yenu. Mji wa York, mtaa wa Shambles, mtaa wa wauza nyama. Margaret Clitherow, mke wa mwenye bucha. Mume anasali kwenye kanisa la serikali, mke amegeuka Mkatoliki. Tangu 1559, kukosa kanisani Jumapili moja ilikuwa faini ya peni 12. Mwaka 1581 wakaipandisha hadi pauni 20 kwa mwezi. Mume alikuwa anamlipia faini mkewe.

DEO: Na hakumkataza?

NEEMA: Hakumkataza. Margaret akawa anaficha mapadri, misa inasomwa humo ndani. Mwaka 1585 ikaja sheria kwamba anayemhifadhi padri aliyepewa daraja ng'ambo adhabu yake ni kifo. Mwaka uliofuata askari wakavamia. Padri hawakumkuta, lakini mtoto mmoja wa nyumba ile akatishiwa kuchapwa, akawaonyesha chumba cha siri na mavazi ya misa.

DEO: Mtoto jamani.

NEEMA: Na mtoto ndiye kiini cha kesi nzima. Mahakamani Margaret aliulizwa, una hatia au huna? Akasema hajui kosa alilotenda, kwa hiyo hana la kujibu. Kwa sheria ya wakati ule, usipojibu kesi haisikilizwi. Unalazwa chini unawekewa mawe mpaka ujibu au ufe. Yeye alilijua hilo. Ila kesi ikisikilizwa, mashahidi wangekuwa watoto wake na watumishi wake.

DEO: Kwa hiyo alinyamaza ili mtoto asisimame kumshuhudia mama yake.

NEEMA: Tarehe 25 Machi 1586. Walimlaza chali, jiwe la ukubwa wa ngumi likiwa chini ya mgongo. Juu yake wakaweka mlango, na ulikuwa mlango wa nyumba yake mwenyewe. Kisha uzito juu ya mlango. Ilichukua kama robo saa. Na inaaminika alikuwa mjamzito.

DEO: ... Wenye amri ya kumwua walifanya wenyewe?

NEEMA: Walikodi ombaomba. Mikono yao wenyewe ilikataa.

DEO: Mimi nasema wazi, sheria hii ilikuwa ovu, kama moto wa Mary ulivyokuwa uovu. Ukishaifanya sala ya mtu kuwa ushahidi wa uhaini, lazima utafika jikoni kwake, uwahoji wanawe.

NEEMA: Chini ya Elizabeth waliuawa Wakatoliki karibu 200, wengi wao mapadri. Lakini mimi narudi kwa Margaret. Kabla ya kufa, kofia yake alimpelekea mumewe. Viatu na soksi alimpelekea binti yake Anne, umri wake kama miaka 12.

DEO: Ili avivae?

NEEMA: Ili afuate nyayo zake. Anne alipokua alivuka bahari, akaingia utawani mjini Louvain, Ubelgiji ya leo.