Mwaka Unaorukwa: Mwalimu katika safu za maoni za magazeti yetu

NEEMA: Shikamoo, Mzee Elias.

ELIAS: Marahaba, mwanangu. Za tangu juzi?

NEEMA: Njema. Wasikilizaji, karibuni. Leo tunazungumzia safu za maoni magazetini, hasa zile zinazojaa kila Oktoba 14 inapokaribia. Mzee alikuwa msomaji prufu miaka mingi, kwa hiyo safu nyingi zilipita mikononi mwake kabla hazijafika kwa muuza magazeti.

ELIAS: Zilipita, na kalamu nyekundu ninayo hadi leo. Mwalimu Nyerere alifariki Oktoba 14, 1999, na kila mwaka wiki hiyo anarudi kurasani. Mimi nilimlia, sina ugomvi na kumkumbuka. Kinachoniuma ni kumwona anageuzwa fimbo. Chukua gazeti linaloegemea chama tawala na jingine linaloegemea upinzani, ziba majina ya juu, soma safu tu. Zote zinaanza na "enzi za Mwalimu". Ukifika aya ya tatu, kila mwandishi keshamkabidhi marehemu kadi ya chama chake.

NEEMA: Wanafanyaje? Maana historia ni hiyohiyo.

ELIAS: Wanaruka mwaka. Kila upande una mwaka wake wa kuruka. Kada wa CCM, chama tawala, atakuandikia Azimio la Arusha la 1967 mpaka usisimke: kiongozi asiwe na hisa kwenye kampuni, asiwe na nyumba za kupangisha, asipokee mishahara miwili. Halafu hapohapo yuko leo, anamsifu kiongozi wa sasa kwa uadilifu uleule. Februari 1991, kikao cha Halmashauri Kuu ya CCM kule Zanzibar kililegeza miiko hiyo. Ililegezwa na chama chake mwenyewe, na Mwalimu akiwa hai. Huo mwaka haugusi.

NEEMA: Na wa upinzani?

ELIAS: Yeye anamtaja Mwalimu aliyesema wazi mwaka 1990 kwamba chama kimoja si amri ya Mungu, na hapo ana haki. Ila anaruka 1962, ilipopita sheria ya kumweka mtu kizuizini bila kumfikisha mahakamani. Anaruka 1965, chama kilipobaki kimoja kisheria. Safu anayoiandika leo angeipeleka gazeti gani mwaka 1970?

NEEMA: Mimi huwa nakereka na zile za uhuru wa habari. Mtu analaani kufungiwa kwa gazeti la Mwanahalisi mwaka 2012, kisha anamalizia kwamba tumeiacha njia ya Mwalimu. Sheria iliyotumika ni ile ya Magazeti ya 1976. Ilitungwa Mwalimu akiwa Rais.

ELIAS: Na gazeti la Standard lilitaifishwa 1970, mwaka 1972 likaunganishwa na Nationalist la TANU, chama tawala cha wakati ule, ndipo ikapatikana Daily News. Gazeti kubwa wakati ule lilikuwa la serikali au la chama.

NEEMA: Lakini mzee wangu, hapo nikupinge kidogo. Hao wanaotamani zamani si wote wanaotumwa. Bibi yangu alijifunza kusoma kwenye kisomo cha watu wazima, akiwa na watoto wanne tayari. Ukimwambia enzi zile zilikuwa mbaya, anainuka anaondoka.

ELIAS: Na anafanya sawa! Ana alichokipata na anakijua. Sikiliza nikueleze nilichokiona mimi, mwanzoni mwa miaka ya themanini. Sukari ikisikika imefika duka la RTC, kampuni ya biashara ya mkoa iliyokuwa ya serikali, mama alinitoa kitandani saa kumi alfajiri. Foleni ilikuwa ya mawe. Mtu akichoka, au ana mtoto wa kunyonyesha, anaweka jiwe mahali pake. Letu lilikuwa kipande cha tofali kilichopakwa chokaa upande mmoja ili tusibishane na mtu. Jua linachomoza mawe yamepangana mpaka kona, na wenyewe wamekaa ukutani wanayaangalia. Sabuni ikikosekana tulifulia majani ya mpapai. Tulikula ugali wa Yanga, ule wa mahindi ya njano ya msaada.

NEEMA: Na jiwe halikuibwa?

ELIAS: Hata siku moja. Ndiyo maana nasema bibi yako hadanganyi. Watu waliheshimu jiwe la mama asiyekuwapo. Lakini sukari haikuwapo pia. Nataka safu yenye vyote viwili, jiwe na sukari. Kada anachukua jiwe, mpinzani anachukua sukari, na akitaka kuipiga serikali ya leo naye analikimbilia jiwe.

NEEMA: Hata kwenye sababu wanagawana.

ELIAS: Kabisa. Mmoja atasema ni vita vya Kagera vya 1978 na 1979, bei ya mafuta, na Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyovunjika 1977. Mwingine atasema ni ujamaa, basi. Vyote vilikuwapo, na msomaji anastahili kuvipata pamoja. Kuna gazeti moja nililofanyia kazi, silitaji. Mwandishi alileta safu nzuri, katikati kaeleza foleni aliyopanga mama yake. Prufu iliporudi kwangu, aya ile imepigwa mstari. Pembeni imeandikwa neno moja: "Hapana." Kesho yake safu ikatoka, imenyooka, haina mama, haina foleni. Baada ya hapo mwandishi yule hakuleta tena aya ya namna ile. Hakukatazwa na mtu. Alijikatia mwenyewe nyumbani.

NEEMA: Inauma. Sasa magazeti ya chama waziwazi, kama Uhuru?

ELIAS: Hayo hayanisumbui sana. Uhuru tunajua ni la CCM. Tanzania Daima tulijua ni la familia ya Mbowe, alipokuwa mwenyekiti wa CHADEMA, chama cha upinzani. Ukinunua unajua umenunua nini. Na yote mawili yaliadhibiwa: Daima lilifutiwa leseni Juni 2020, likarudishiwa 2022. Uhuru lenyewe, Agosti 2021, lilifungiwa siku 14 kwa habari kwamba Rais Samia hana wazo la kugombea 2025, na chama chake kilikuwa kimeshalisimamisha. Mimi naogopa lile linalojiita huru, safu imeandikwa na mtu anayesubiri uteuzi, na msomaji haambiwi.

NEEMA: Ungetaka aambiwe vipi?

ELIAS: Mstari mmoja chini ya jina. "Mwandishi aligombea kura za maoni za chama fulani." "Mwandishi ni mshauri wa wizara fulani." Wino wake haufiki shilingi.

NEEMA: Mzee, kuna mwalimu wa shule ya kata anayeandikia gazeti na ana kadi ya upinzani. Ukimwekea mstari huo, Jumatatu anapata barua ya uhamisho.

ELIAS: ... Hapo umenishika. Huyo nisingemwandika.

NEEMA: Na mshauri wa wizara?

ELIAS: Huyo lazima. Anayelipwa na wenye madaraka aandikwe, tena kwa herufi za kusomeka. Huyo mwalimu mwache, ila kama mwaka wa foleni aliuona, auweke.