Kalamu ya Kupimia Haioni Kinyesi

Mwenyekiti, wazee wangu shikamooni. Akina mama, na ninyi vijana mliobana mlangoni mkidhani nitamaliza upesi, habari zenu. Nimeombwa nizungumzie machujio ya maji ya nyumbani. Nitayazungumzia. Ila wanaonifahamu wanajua nitaanzia wapi, na naona wameshaanza kucheka.

Nianze na yule kijana wa mkoba. Mnamjua. Leo yuko Shangani, kesho Ligula, mitaa yetu hii ya Mtwara, shati limenyooshwa, maneno matamu. Anaomba glasi mbili. Moja anaijaza maji ya bomba lako, nyingine anaijaza maji aliyokuja nayo, yaliyopita kwenye mtambo anaouza. Anatoa kidude chenye vyuma vinne, anakichomeka kwenye umeme, anatumbukiza. Muda si muda maji ya bomba yanatoa mapovu, yanakuwa ya kijani, kisha ya kahawia, kisha mabonge ya uchafu yanaelea juu. Maji yake yametulia tuli. Mama mwenye nyumba anashika kifua. "Haya ndiyo mnayowapa watoto, mama?" Hapo bei yoyote itakayotajwa, mtu anauliza tu kama analipa kidogokidogo.

Sasa nisikilizeni, maana hili nimelisema mpaka misikitini. Ule uchafu haukuwamo ndani ya maji. Umetoka kwenye vile vyuma! Umeme ukipita, chuma kinaliwa, na kinacholiwa kinageuka kutu mbele ya macho yako. Kwenye maji ya bomba umeme unapita kwa sababu yana chumvichumvi na madini, kama maji yoyote yaliyotoka ardhini. Maji yake yamenyang'anywa madini karibu yote, umeme haupiti, vyuma havidhuriki. Basi, habari imeisha.

Siku moja nilimkuta jamaa nyumbani kwa jirani yangu, yuko katikati ya maonyesho. Nikaingia jikoni nikachota chumvi kidogo, nikaitia kwenye glasi yake ile safi, nikakoroga. Nikamwambia, "Mdogo wangu, hebu washa tena." Akaniangalia. Nikamwambia washa. Yakachafuka kuliko ya bomba. Alifungasha vyombo vyake, na chai ilikuwa imeshamiminwa.

Najua kuna anayesema moyoni, mwalimu anawaharibia vijana riziki. Hapana. Mtambo wenyewe ulikuwa mzuri, ule unaosukuma maji kwenye utando hadi chumvi inabaki nyuma. Aliyechimba kisima karibu na ufukwe, bahari ikamwingilia, maji hata sabuni hayatoi povu, huyo nitamwambia anunue, ingawa ajue mitambo mingi ya aina hiyo inamwaga lita mbili, tatu au zaidi ili impe lita moja. Lakini jirani yangu maji yake hayakuwa na chumvi ya kumsumbua! Watoto walikuwa wanaharisha. Kununua chujio bila kujua maji yako yana nini ni kuingia duka la dawa ukasema, "Nipe kidonge kizuri."

Na ile kalamu yao nyingine, yenye kioo cha namba. Unachovya, inaandika 400, muuzaji anatikisa kichwa kana kwamba ameona msiba. Kalamu ile inapima jinsi maji yanavyopitisha umeme, halafu inakisia madini yaliyoyeyuka. Haijui zaidi ya hapo. Shirika la Afya Duniani linasema maji yenye chini ya miligramu 600 kwa lita kwa kawaida yana ladha nzuri, na yakishavuka 1,000 ndipo ladha inazidi kuharibika. Ladha, nasema! Ukiichovya kwenye dafu, hiyo namba itapaa hadi utashangaa, maana dafu limejaa madini. Tuache madafu? Halafu kinga maji ya mvua kwenye bati ambalo kunguru wameshinda wakijisaidia. Kalamu itasoma namba ndogo, ya kupendeza. Kinyesi haikioni. Kijidudu cha kipindupindu haikioni.

Tuje kwenye maji yetu. Maji yanapotoka kwa mamlaka yametiwa dawa. Kuna wanaolalamika harufu. Ile harufu ya klorini ndiyo mlinzi wenu, jamani. Inatakiwa ibaki kidogo mpaka kwenye bomba lako, kama miligramu 0.2 hadi 0.5 kwa lita, ili kijidudu kikiingia njiani kikute mwenyewe yupo. Na njiani kinaingia. Maji yakikatwa, bomba linabaki tupu, na penye ufa linavuta tope la nje. Ndiyo maana maji yakirudi baada ya mgao yanakuja na rangi. Yale ya mwanzo osheeni vyombo vya bafuni, mwagilieni maua. Msikimbilie kuyakinga ya kunywa kwa furaha.

Halafu yanaingia kwenye simtanki. Niambieni, nani hapa amepanda juu ya simtanki lake mwaka huu? ... Mkono mmoja, na huyo ni fundi. Chini mle kuna tope, mfuniko umepeperushwa na upepo, mjusi ameingia hakutoka. Kutoka hapo maji yanaenda kwenye dumu ambalo ndani limeota utelezi, kutoka kwenye dumu yanaenda kwenye ndoo, na kwenye ndoo mtoto anazamisha kikombe na mkono mzima, mkono umetoka kuchezea mchanga. Wewe unanunua mtambo! Ndoo yenye mfuniko na koki ya chini ingekusaidia zaidi, na hela inabaki.

Kuna mzee ataniambia babu yake alikunywa maji ya Ruvuma akafika miaka tisini. Namheshimu babu. Lakini wadogo zake babu waliokufa wakiwa wachanga hawapo leo watusimulie.

Ndugu zangu wa Newala na Tandahimba huwa wananiuliza habari ya salfa, ile dawa ya unga inayopuliziwa mikorosho kuzuia ukungu, isije ikaingia kwenye maji, maana kule juu kisima cha mvua ndiyo uhai wa nyumba. Salfa ya mikorosho haiyeyuki kwenye maji, hiyo isiwanyime usingizi. Kinachonitia wasiwasi ni viuatilifu vingine vinavyopuliziwa mikorosho hiyohiyo, na mavi ya ndege ya kiangazi kizima. Mvua ya kwanza ioshe bati na imwagike. Mfereji uelekezwe kisimani baada ya hapo.

Naona mwenyekiti anaangalia saa. Basi haraka. Chujio la mkaa linaondoa harufu na klorini, lakini chumvi haliondoi na vijidudu usilitegemee. Tena likishaondoa klorini, mlinzi hayupo, kwa hiyo maji hayo yanyweni upesi. Chujio la udongo wa kuchoma, likiwa halina ufa, linazuia bakteria, likiziba unalisugua. Virusi vingi vinapenya. Taa ya urujuanimno, ile ya mwanga wa UV, inaua vijidudu kama maji ni maangavu na umeme upo. Mnajua wenyewe habari ya umeme. Kuchemsha kunaua vyote hivyo, ila chumvi haitoki, na naitreti za chooni zikiingia kisimani kuchemsha hakuziondoi, na zina hatari kwa mtoto mchanga. Dawa ya klorini ya dukani, fuata kipimo, subiri nusu saa, na maji yakiwa na tope yachuje kwanza kwa kitambaa. La floraidi, madini yanayoharibu meno yakizidi, nilitaka kulisema, muda hakuna. Kwa kifupi, atakayekuuzia chujio la kuondoa floraidi hapa pwani mwambie aanzie Arusha, ambako ndiko ilikojaa majini.

La mwisho ni sampuli. Maabara ya maji watakupa chupa yao, isiyo na vijidudu. Usipeleke chupa ya soda. Fungua koki, maji yatiririke kidogo, jaza bila kugusa mdomo wa chupa, iweke kwenye barafu, ifike siku hiyohiyo. Na chukua mbili, moja kwenye bomba na nyingine kwenye ndoo mnayonywea. Waambie wapime zote mbili.