Mluzi wa Tabo na Hesabu ya Dizeli
Mhadhara kwa madereva, wamiliki wa pikapu na wanafunzi wa ufundi wa magari, Iringa

Wazee wangu, shikamooni. Ndugu zangu madereva, na ninyi vijana mnaojifunza ufundi, habari za asubuhi. Nashukuru mmekuja wengi siku ya kazi, maana najua pikapu ikilala nje ya ukumbi huu, na mzigo nao umelala.

Nimeombwa nizungumzie mambo mawili: pikapu ya dizeli inayokula mafuta kupita kiasi, na tabo, yaani turbo, ile feni inayoisukumia injini hewa, inayopiga kelele. Watu huyatenga. La kwanza wanalipeleka kwa fundi wa nozeli, zile zinazopuliza mafuta ndani ya injini, la pili wanalipeleka kwa muuza spea. Mimi nimeyatazama miaka mingi na naona yote mawili yanatokana na hewa: imeingia kiasi gani, imepita wapi, na imevujia wapi. Nikiweza kuwashawishi juu ya hilo leo, wengi wenu mtaacha kununua tabo ambazo hamzihitaji.

Tuanze na injini yenyewe. Kwenye injini ya petroli, mguu wa dereva unafungua mlango wa hewa. Kwenye dizeli sivyo. Dizeli inavuta hewa yote inayoweza kuipata, na mguu wako kazi yake ni kuongeza au kupunguza mafuta. Kilo moja ya dizeli inahitaji takribani kilo 14.5 za hewa ili iungue yote, na kwa kuwa mafuta na hewa vina muda mfupi sana wa kuchanganyika ndani ya silinda, inabidi hewa izidi hapo. Hewa ikipungua, dizeli haiungui vizuri, inageuka masizi. Ule moshi mweusi mnaouona nyuma ya gari lililokanyagwa mlimani ni mafuta mliyoyalipia kituoni na hayakusukuma gurudumu.

Mwaka 1905 mhandisi Mswisi, Alfred Büchi, alipata hataza ya wazo ambalo hadi leo ndilo linalobeba mahindi yenu. Sehemu kubwa ya nguvu ya mafuta, karibu theluthi moja, inatoka na moto wa eksozi. Büchi alitaka moto huo uzungushe feni, na feni hiyo izungushe nyingine upande wa pili wa shafti, ambayo itasukumia injini hewa zaidi ya ile ambayo ingevuta yenyewe. Hiyo ndiyo tabo. Injini ndogo inapata hewa ya injini kubwa. Ndiyo maana Hilux yenye injini ya 2GD, lita 2.4 tu, inapanda na tani moja mahali ambapo injini ya zamani ya 5L, ya karibu lita tatu, isiyo na tabo, inalia na kutoa moshi.

Na hapa Iringa jambo hili lina uzito wa pekee. Mji huu uko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Kanieneo ya hewa, yaani shinikizo lake, hapa ni pungufu kwa takribani moja ya sita ukilinganisha na Dar es Salaam. Gari lisilo na tabo linapoteza nguvu kwa kiasi kama hicho tangu linapomaliza mlima wa Kitonga njiani kutoka Dar, na fundi hawezi kuirudisha. Lenye tabo linajitetea, lakini kwa kazi: kama kule pwani tabo inaizidisha hewa mara mbili ili injini ipate inachotaka, hapa italazimika kuizidisha karibu mara mbili na nusu. Maana yake ni kuzunguka kwa kasi zaidi. Kwa hiyo dereva anayetoka Dar na gari lake kimya, akapita Kitonga, akafika Ilula akasikia mluzi, asishtuke. Tabo iko kazini.

Kuna sababu nyingine ya mluzi kusikika siku hizi. Injini za zamani za 2L na 3L zilikuwa na mgongano mkubwa wa dizeli inapolipuka, ule mlio wa vyuma kugongana. Hewa iliyobanwa na tabo ni ya moto zaidi, dizeli inawaka mapema na kwa utaratibu. Tena injini za sasa zinazoendeshwa na kompyuta hupuliza tone dogo la mafuta kwanza, kisha ndipo mengine yafuate. Kelele za injini zimeshuka, kwa hiyo masikio yanafika kwenye tabo. Wapo walioniletea gari jipya kabisa wakidai tabo imekufa, kumbe ndiyo mara yao ya kwanza kuisikia.

Sasa vijana, hapa naomba muandike.

Tabo inayozunguka mara 120,000 kwa dakika, na hiyo ni kasi ya kawaida kabisa kwake, inazunguka mara 2,000 kwa sekunde. Shafti ikiwa imepoteza uwiano, hata kwa kipande kidogo sana cha feni kilichomeguka, itatoa mtikisiko mara 2,000 kwa sekunde, na mlio wa kiwango hicho sikio la binadamu linaukamata kwa urahisi. Ndio ule mlio kama king'ora, unaopanda na kushuka pamoja na mguu. Mluzi mwembamba ambao haujabadilika tangu uliponunua gari, uache. Mlio wa king'ora ulioanza mwezi huu na kila wiki unakua, huo usiusubirishe.

Mlio wa tatu ndio unaokula pesa zenu, na ndio nitakaokaa nao zaidi. Ni ule wa hewa kupuliza: "fshhh" nzito, inatokea unapokanyaga tu, inakata unapoachia. Hapo feni nzima ni salama. Kinachovuja ni hosi kati ya tabo na intakula, kile kipoza hewa ya tabo, au kati ya intakula na injini, au intakula yenyewe imepasuka ubavuni. Hebu fuateni kinachotokea. Kwenye pikapu nyingi za sasa kuna sensa inayopima hewa mwanzoni kabisa, baada ya eya klina, yaani kichujio cha hewa. Sensa inaiambia kompyuta kwamba hewa kiasi fulani imeingia. Kompyuta inapima dizeli kulingana na hewa hiyo. Lakini hewa, baada ya kuhesabiwa, inatoka kwenye mpasuko wa hosi kabla ya kufika kwenye silinda. Dizeli imepulizwa kwa ajili ya hewa ambayo haipo. Matokeo: moshi mweusi, gari zito, dereva anaongeza mguu, mafuta yanazidi kuisha. Na tabo, kwa kuwa inajaribu kufikia shinikizo inaloamriwa, inazunguka kwa kasi kuliko inavyopaswa, inapiga kelele zaidi, na inazeeka. Mwenye gari anasikia kelele inatokea upande wa tabo, anauziwa tabo. Hosi iliyopasuka inabaki palepale, na tabo mpya inaanza kufa siku inapofungwa.

Nitoe hesabu. Pikapu inayotembea kilomita 30,000 kwa mwaka, ikienda kilomita 11 kwa lita, itatumia lita 2,727. Ikishuka hadi kilomita 9 kwa lita, itatumia lita 3,333. Tofauti ni zaidi ya lita 600 kwa mwaka mmoja. Ziweke kwenye bei ya pampu ya leo, kisha ulinganishe na bei ya hosi na klipu mbili.

Kuutafuta mpasuko hakuhitaji mashine ya kisasa. Injini ikiwa imepoa, vua kifuniko, fuata bomba lote kwa mkono na tochi. Hewa ya tabo huwa na unyevu mdogo wa oili, kwa hiyo panapovuja pana alama nyeusi yenye mafuta na vumbi limegandia. Pinda hosi, maana nyufa nyingi ziko upande wa chini ambao macho hayafiki. Mwenye kompresa azibe upande wa eya klina, aingize hewa kidogo, isizidi shinikizo ambalo tabo yenyewe huwa inatoa, kisha apake maji ya sabuni. Povu litaonyesha.

Upande wa eksozi nako kuna uvujaji. Huo unasikika kama mlio wa "tik, tik, tik" injini ikiwa ya baridi, halafu unapungua chuma kikipanuka. Ni gasketi ya manifoldi au boliti iliyokatika. Moto unaotoka hapo haukuizungusha tabo, kwa hiyo hewa inachelewa na mafuta yanalika kwa njia ileile.

Mzee wangu hapa mbele ameuliza: atajuaje kwamba gari linakula mafuta kweli, na si wasiwasi tu? Swali zuri, na watu wengi hawana jibu lake, kwa sababu wanahesabu kwa mshale wa dashibodi. Mshale hauaminiki. Jaza tangi hadi pampu ikate mara ya kwanza, andika kilomita. Tembea kazi zako. Rudi kituo kilekile, ikiwezekana pampu ileile na saa zinazofanana za siku, jaza tena hadi ikate. Gawanya kilomita kwa lita. Fanya hivyo mara kadhaa mfululizo, mara moja haitoshi, kisha andika kwenye daftari linalokaa garini. Dizeli inatanuka kwa joto, takribani asilimia 0.8 kwa kila nyuzi 10, kwa hiyo lita ya mchana wa Dar na lita ya alfajiri ya Mafinga hazina uzito sawa. Na kama umebadilisha matairi, angalia: ukitoka 265/65R17 ukaweka 265/70R17, gurudumu limekua kwa zaidi ya asilimia 3, na kilomita zinazosomwa ni pungufu kwa kiasi hichohicho. Gari linaonekana limeanza kula mafuta hata kama halijabadilika.

Upepo wa tairi na makreti yanayobaki nyuma bila kazi mnayajua, sirudii. Mafuta machafu nayo mnayajua. Mwaka 2010 EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilianza kuweka vinasaba, yaani kemikali ya kuyatambulisha, kwenye mafuta ili kuwabana wanaochanganya na mafuta ya taa. Mafuta ya taa hayalainishi pampu wala nozeli inavyotakiwa, na nozeli ikichakaa inamwaga badala ya kupuliza ukungu.

Nitakachosisitiza ni mwendo. Ukitoka kilomita 80 kwa saa kwenda 100, nguvu ya upepo inayokuzuia inaongezeka kwa asilimia 56. Pikapu ni ndefu kwenda juu, ina pembe, na turubai likipepea ndiyo zaidi. Hakuna nozeli wala tabo itakayorudisha mafuta unayochoma kuupasua upepo ule. Kwenye mlima, injini ya dizeli yenye tabo inapenda kati ya mizunguko 1,500 na 2,500 kwa dakika. Ukiilazimisha gia kubwa chini ya hapo, tabo haijapata moto wa kutosha, hewa hakuna, moshi unatoka.

Na kushuka. Ndugu zangu, nasema kwa uchungu kwa sababu tunazika watu. Wapo wanaoshuka Kitonga wakiwa wametoa gia, wakiamini wanaokoa mafuta. Kwenye injini ya kompyuta, ukishuka na gia bila kukanyaga, nozeli zinafungwa kabisa: dizeli inayotumika ni sifuri. Ukitoa gia, injini inabidi ijiendeshe yenyewe, na inachoma mafuta. Kwa hiyo anayeshuka bila gia anatumia dizeli zaidi ya anayeshuka na gia, na breki zake zinabeba mzigo wote peke yake hadi zinachemka.

Kuna kijana ameuliza kuhusu kuondoa boksi la eya klina na kuweka filta ya wazi, ile inayofanya tabo isikike barabara nzima. Boksi lile limewekwa kupunguza sauti, kuzuia maji, na kuhakikisha injini inavuta hewa ya baridi. Ukiliondoa, unavuta hewa ya moto ya ndani ya boneti, ambayo kwa ujazo uleule ina uzito mdogo. Sauti imeongezeka, hewa imepungua. Na katika vumbi letu, filta dhaifu ni kifo cha tabo, maana mchanga unaopita kwa kasi ile unatafuna ncha za feni taratibu, hadi siku moja unasikia king'ora nilichokisema.

Swali la mwisho, la mama anayemiliki magari ya mzigo: afanyeje tabo ikifa kweli, na je, ya mtumba inafaa? Kwanza, mama yangu, ukiona moshi wa bluu mzito na oili inapungua, waambie vijana wako wasiendelee na safari. Oili ya tabo ikiingia kwenye injini, dizeli inaweza kujiendesha kwa oili hiyo, inapanda resi yenyewe na ufunguo hauizimi. Ikitokea kwenye gari la gia za mkono, dereva akanyage breki kwa nguvu, aingize gia kubwa, aachie klachi ili injini izimike. Asiende kuinama kwenye injini.

Ya mtumba inafaa ikiwa shafti haina mchezo wa kwenda mbele na nyuma, na feni hazijaguswa na ukuta. Lakini kabla ya kuifunga, fundi ajibu kwanza ya zamani ilikufa kwa nini. Mara nyingi ni oili. Shafti ile haikai kwenye beringi za gololi kwa pikapu nyingi, inaelea juu ya utando wa oili, na dereva aliyepanda mlima mzima akazima gari papo hapo ameuacha utando huo ukichemka na kuganda kuwa kaa. Dakika moja au mbili ya injini kuunguruma taratibu ingetosha. Kwa hiyo abadilishe bomba dogo la oili au alisafishe kabisa, abadilishe oili na filta, afungue intakula amwage oili na vipande vya chuma vilivyoingia humo. Kisha amimine oili safi kwenye tundu la tabo, azungushe feni kwa kidole, na azungushe injini kwa stata bila kuiwasha hadi oili ionekane inarudi. Ndipo awashe, na asiikanyage.