Nani Ataitikia Pakawa?

Mhadhara wa kufungua mkutano wa masimulizi wa mtaa, Ukumbi wa Jamii wa Kaloleni, Nairobi

Wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana mliosimama mlangoni, ingieni, huku mbele bado kuna viti. Hamjambo?

Paukwa!

(Ukumbi: Pakawa!)

Wa nyuma sijawasikia. Paukwa!

(Pakawa!)

Asanteni. Nimeanza hivyo kwa sababu mhadhara wangu wote umo ndani ya neno hilo la pili, lile mliloitikia nyinyi. Mtambaji wa hadithi haanzi mpaka aitikiwe. Akisema paukwa kukawa kimya, usiku ule hakuna hadithi, watoto wakalale. Au akisema hadithi, hadithi, anangoja aambiwe hadithi njoo. Ruhusa ya kusimulia inatoka kwa wanaosikiliza, na walioketi kwenye mkeka wana kazi yao kama yeye alivyo na yake.

Baadhi yenu mmetoka Dandora, Kayole na Umoja, na mmeniuliza jinsi sisi tunavyoendesha vikao vyetu vya masimulizi vya Jumamosi, maana mnataka kuanzisha vyenu. Mmeuliza juu ya maikrofoni, turubai, viti, kibali. Hayo tutayazungumza tukinywa chai. Nataka niwaambie jambo moja tulilochelewa sana kuliona: muda ukiwa mfupi, kateni hotuba, msikate maswali.

Wengi tunaiga mtindo wa TED, ile mikutano ya hotuba fupi, kwa hiyo tuanzie hapo. Mikutano hiyo ilianza California mwaka 1984, na jina lake ni herufi za kwanza za maneno matatu ya Kiingereza, yaani teknolojia, burudani na usanifu. Kwa miaka mingi ulikuwa mkutano wa watu wachache wenye uwezo wa kulipa kiingilio kikubwa. Mwaka 2006 hotuba zikaanza kuwekwa kwenye intaneti, zikatazamwa bure na yeyote mwenye simu. Mwaka 2009 wakaanza kutoa leseni, nayo hailipiwi, ili watu wa mji wowote waandae mikutano yao wenyewe kwa jina la TEDx. Kibera iliandaa wa kwake mwaka huohuo. Msemaji hapiti dakika 18, halipwi, na hapandi jukwaani kuuza bidhaa wala kupigia debe chama. Mwandaaji ambaye hajawahi kuhudhuria mkutano wao mkubwa anatakiwa asizidishe watu 100.

Hizo dakika 18 nazitetea kwa moyo wangu wote. Sote tumekaa kwenye mabaraza ambapo watu wanafika saa tatu, mgeni wa heshima anafika saa saba, anazungumza mpaka saa tisa, kisha anaingia kwenye gari. Mama aliyefunga kibanda chake ili asikilize amepoteza mauzo ya siku. Kumwekea msemaji saa ni kumheshimu mama huyo.

Lakini katika mtindo huo, msemaji akimaliza anapigiwa makofi na kushuka, basi. Kwa anayetazama kwenye simu akiwa upande wa pili wa dunia, hilo halina neno, kwani hata angekuwa na swali angemuuliza nani? Sisi ni majirani. Tukiondoka bila kuuliza, tumeacha nusu ya hadithi jukwaani.

Nilijifunza hili katika kikao chetu cha pili. Tulikuwa tumemwalika mama anayepika chapati karibu na mjengo. Sitamtaja jina, mwenyewe hapendi. Alisimulia vizuri mno. Alivyobaki peke yake na watoto watatu, alivyoanza na jiko moja la makaa na pakiti moja ya unga, na sasa ana vibanda viwili na ameajiri wasichana wanne. Watu walilia. Mimi nililia. Makofi yalipigwa, nikashika maikrofoni nimwite msemaji wa pili.

Msichana mmoja akainua mkono. Ratiba haikuwa na maswali, nami nilitaka kumwambia angoje. Akauliza kabla sijamzuia: "Mama, na wale wanaokula kwa deni, unawafanyaje?"

Mama yule alinyamaza muda mrefu. Kisha akavuta kiti, akaketi, akaanza kusimulia upya. Kumbe kibanda tulichosikia habari zake kilikuwa cha pili. Cha kwanza kilikufa. Alikuwa amewakopesha wafanyakazi wa mjengo mmoja, jina na alama, jina na alama, daftari likajaa. Asubuhi moja akafika na beseni la chapati, akakuta geti limefungwa. Kazi ya zege imeisha, watu wamehamishiwa mjengo mwingine, hajui wapi. Daftari lile analo mpaka leo.

Hapo ukumbi ukaamka. Mtu akauliza, sasa unafanyaje? Akasema mafundi na vibarua wanalipwa Jumamosi, kwa hiyo deni lake halivuki Jumamosi. Saa sita mchana anasimama getini yeye mwenyewe, hatumi mtoto. Asiyelipa, Jumatatu hapewi hata chai. Na hamkopeshi mtu ambaye hajafanya kazi pale wiki mbili. Mwingine akauliza juu ya unga. Akaeleza kuwa alikuwa akinunua pakiti mojamoja za kilo mbili kwenye duka la jirani mpaka alipojiunga na wanawake wawili, wakawa wananunua bale zima la pakiti kumi na mbili kwa bei ya jumla na kugawana. Akaeleza ukubwa wa donge. Ukikata madonge makubwa ili upendwe na wateja, faida yote inaishia tumboni mwao.

Nilimtazama msichana aliyeuliza. Alikuwa anaandika kwenye kiganja cha mkono, hakuwa na karatasi.

Ndugu zangu, yale machozi ya mwanzo hayakuwa ya uongo. Lakini mtu aliyelia akaenda nyumbani alikuwa na machozi tu. Aliyesikia habari za Jumamosi saa sita getini alikuwa na kitu cha kufanyia kazi Jumatatu. Na tazameni kilichotokea: mama hakutuficha makusudi. Tulimwomba hadithi ya kutia moyo, naye kwa adabu akatupa ile sehemu inayong'aa. Msimuliaji hajui ni kipande gani cha maisha yake ambacho jirani anakihitaji. Anayejua ni jirani.

Mfano mwingine hauko mbali na hapa. Richard Turere alikua Kitengela, kwa Wamaasai wanaopakana na mbuga ya taifa ya Nairobi upande wa kusini, ambako hakuna ua. Simba walikuwa wakitoka usiku na kula ng'ombe wa kwao. Alikuwa na miaka kumi na mmoja hivi alipobuni taa za kuwafukuza, na mwaka 2013, akiwa bado mvulana, alisimama kwenye jukwaa la TED, Long Beach kule California, akaeleza. Ukiambiwa kwa kifupi, mtoto wa Kimaasai aliwashinda simba kwa taa, utasema Mungu ni mkubwa, utaendelea na shughuli zako.

Sikilizeni jinsi ilivyokuwa. Kwanza alijaribu moto, ikawa moto unawasaidia simba kuona ndani ya boma. Akajaribu sanamu ya mtu. Siku ya kwanza simba walikuja, wakaiona, wakarudi. Siku ya pili wakagundua haitembei, wakaingia. Ndipo usiku mmoja alipokuwa akizunguka boma na tochi, simba hawakuja, akang'amua kwamba wanaogopa mwanga unaosogea. Akachukua betri kuukuu ya gari, paneli ya jua ya kuichaji, kile kidude kinachoifanya indiketa ya pikipiki ipepese, na balbu alizotoa kwenye tochi mbovu. Akazipanga kulizunguka boma ziwake na kuzima zenyewe, simba adhani kuna mtu anatembea. Na ujuzi wa nyaya aliupata kwa kufungua redio mpya ya mama yake, akaiharibu.

Kila fundi wa bodaboda katika ukumbi huu amekishika kidude hicho mkononi. Hadithi ikifika hapo, imeshuka jukwaani na kuketi karibu nawe. Na mimi nashukuru zaidi kwa habari ya ile sanamu iliyoshindwa kuliko kwa makofi aliyopigiwa.

Arusha, mwaka 2007, TED walifanya mkutano wao hapa kwetu Afrika Mashariki. Kijana wa Malawi, William Kamkwamba, alipandishwa jukwaani. Aliacha shule wakati wa njaa kwa kukosa karo, akasoma vitabu vya maktaba, akajenga kinu cha upepo kwa fremu ya baiskeli, feni ya trekta na vyuma vya kuokota, nyumba ya kwao ikapata umeme. Alikuwa na hofu kubwa. Hakutoa hotuba. Mwenyeji wa mkutano alikaa naye akamuuliza, ulifanyaje, ulitumia nini, naye akajibu kwa sentensi fupifupi. Miaka miwili baadaye, kule Oxford, aliweza kusimama peke yake na kusimulia yote. Mara ya kwanza aliyemfungua kinywa ni aliyeuliza. Fikirini ni wangapi mitaani kwetu wana kinu chao uani na hawawezi kuhutubia.

Na lugha, jamani. Katiba ya 2010 inasema Kiswahili ni lugha ya taifa, tena ni lugha rasmi sawa na Kiingereza. Lakini mtu anayeongea vizuri kabisa kwenye foleni ya maji, mpe maikrofoni, anahamia Kiingereza, na hadithi yake inapungua nusu kwa sababu anatafuta maneno. Mwambieni aseme anavyosema nyumbani. Akisema Sheng, mwacheni. Mzee asipoelewa neno atauliza, na hilo nalo ni swali.

Wengine wanaogopa kwamba maswali yataleta fujo. Piteni Jeevanjee, bustani ambayo Alibhai Mulla Jeevanjee aliwapa watu wa Nairobi mwaka 1906. Kwa miaka mingi watu wamekusanyika pale chini ya miti, kwa jina la Bunge la Mwananchi, kubishana juu ya bei ya unga na serikali. Kelele ziko, sikatai. Lakini anayesema jambo pale lazima alisimamie, maana ataulizwa papo hapo. Na ukumbi huu mliomo ni wa mtaa uliojengwa miaka ya 1940, wanasiasa wa kupigania uhuru akina Tom Mboya waliwahi kusimama humu mbele ya wafanyakazi wa Eastlands. Kuta hizi zimezoea kuulizwa.

Sisi sasa tunafanya hivi. Msimuliaji ana dakika 10, kisha dakika 20 ni za maswali. Swali la kwanza hatulitoi sisi waandaaji wala wageni, tunalingoja litoke kwa mtu ambaye hajawahi kushika maikrofoni, hata kama kimya kitauma. Swali liwe la jinsi, la bei, la ulikosea wapi. Anayeanza kuhutubia badala ya kuuliza, tunamkatiza kwa upole. Na msimuliaji ana haki ya kusema hilo sitalijibu, tukanyamaza naye, kwani kuna maumivu ambayo si mali ya ukumbi.

Wa kwanza leo ni fundi wa kuchomelea kutoka Kamukunji, anayetengeneza magurudumu ya mikokoteni ya maji. Ameniambia hajawahi kusema mbele ya watu zaidi ya watano, na ameleta gurudumu moja lililovunjika ili alionyeshe. Fundi, karibu mbele. Wewe mwenye daftari pale dirishani, na wewe mama mwenye mtoto, nimewaona mnanong'onezana tangu mlipoliona gurudumu hilo. Maikrofoni itaanza kwenu akimaliza.